Duka la vito hapa Tanga mjini: mmemuuzia mdogo wangu moisanaiti, jiwe la kiwandani, kwa bei ya almasi. Rudisheni hela!

Salaam wanajamvi. Uzi ni mrefu, nivumilieni, maana hasira nilizo nazo hazijapata pa kutokea.

Mdogo wangu kaoa juzi juzi, Makorora. Bibi harusi hakutaka mahari makubwa: msahafu, na pete ya almasi ya nusu karati. Ikatajwa mbele ya walii na mashahidi, shehe akaandika. Pete ilinunuliwa katika duka moja la vito mjini kati, milioni nne taslimu, jasho la kijana anayefanya kazi za zamu bandarini. Muuzaji akamhakikishia: nusu karati, rangi G (yaani karibu haina rangi), usafi VS2 (yaani dosari zake ni ndogo sana). Akampa na karatasi aliyoiita cheti.

Pete ikawa inampwaya bibi harusi. Shangazi yake akaipeleka kwa sonara Ngamiani ipunguzwe. Yule mzee akaweka lenzi jichoni, akailaza pete kidogo ubavu, akauliza: "Nani kawaambia hii ni almasi?"

Alichokiona ni kwamba kingo za nyuma za jiwe zilitokea mbili mbili. Almasi haifanyi hivyo. Mwanga ukiingia ndani ya almasi unapita mmoja na kutoka mmoja. Moisanaiti inaugawa, kwa hiyo ukiitazama kwa pembeni na lenzi ya kukuza mara kumi, kila mstari una pacha wake. Moisanaiti ni kabidi ya silikoni, hutengenezwa kiwandani, na inametameta rangi rangi kuliko hata almasi yenyewe. Ni gumu pia: kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ni 10, hili ni 9.25. Jiwe zuri, anayelitaka alinunue kwa jina lake na bei yake, ambayo haifiki hata robo ya hizo milioni nne. Mimi nalalamikia wizi.

Tukarudi dukani, mimi, mdogo wangu na shangazi wa bibi harusi. Nawaelezeni tulivyozungushwa, ili mkiambiwa hayo hayo mjue.

Kwanza akatoa kile kimashine kama kalamu, akagusisha kwenye jiwe, kikalia. "Umesikia dada yangu? Almasi hiyo." Ile kalamu inapima joto tu! Almasi inapitisha joto haraka sana, na moisanaiti nayo inapitisha karibu sawa, basi kalamu ya joto inalilia yote mawili. Ili kuzitenganisha inatakiwa mashine inayopima na umeme, kwa sababu moisanaiti nyingi hupitisha umeme kidogo na almasi ya kawaida haipitishi. Nikamuuliza kama anayo hiyo ya pili. Akasema mashine ni mashine.

Kisha akachukua kipande cha kioo, akakikwaruza kwa pete mbele ya wateja wengine. Watu wakashangaa kweli! Ndugu zangu, kwa kipimo kile kile cha Mohs kioo kipo kwenye 5 na nusu hivi. Kwatzi ya kawaida, ambayo ni 7, inakwaruza kioo. Huo ni mchezo wa kumfunga mtu macho, tena anaufanya bila haya mbele ya mama mtu mzima.

Shangazi aliposema sonara ameona kingo mbili mbili, kauli ikageuka hapo hapo: "Aaa, basi hiyo itakuwa almasi ya maabara." Dakika tano nyuma ilikuwa imechimbwa! Na hata hilo ni uongo. Almasi ya maabara ni kaboni ile ile, muundo ule ule, ugumu ule ule, haitoi kingo mbili. Tena tuseme ingekuwa hiyo: bei yake imeporomoka sana miaka hii, na tangu 2018 mwongozo wa tume ya biashara ya Marekani unaitambua kuwa almasi, ila muuzaji lazima amwambie mteja kwamba ni ya maabara. Hapa nani aliambiwa?

Sasa njooni kwenye cheti, ndipo damu ilipozidi kunichemka. Kina nembo ya duka, muhuri wa duka, saini ya muuza duka. Yaani aliyeuza ndiye aliyepima na ndiye aliyejipa maksi. Vipimo vya rangi D mpaka Z, na vya usafi vya kina VVS na VS, vilisambazwa na GIA, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 1931. Ripoti yao ina namba, unaiingiza kwenye tovuti yao bure na unaona jiwe lako, na mara nyingi namba hiyo huchongwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe. Isitoshe, hawaandiki ripoti ya almasi iliyokwisha kufungwa kwenye pete, wanataka jiwe tupu. Hiki cheti chetu kinasema jiwe "limepimwa ndani ya pete". Mwenye kujua anasoma mstari huo mmoja anaacha.

Halafu mkato hakikuutaja kabisa. Mkato ndio unaoipa almasi uhai! Rangi nzuri na usafi mzuri vikichongwa vibaya, mwanga unavujia chini na jiwe linapooza. Wauzaji wetu wanaimba karati tu, karati, karati. Karati ni uzito, gramu 0.2, basi. Na mkiuziwa pete yenye vijiwe vingi, ulizeni hiyo karati ni ya jiwe la kati au ya vyote kwa jumla, bei zake ni mbingu na ardhi.

Na risiti? Imeandikwa "Pete 1". Maneno yote yale, nusu karati, G, VS2, hakuna hata moja lililoingia kwenye risiti. Nikamwambia aandike sasa hivi neno almasi agonge muhuri, nami niondoke. Akakataa. Alipokataa ndipo nilipojua kwamba alijua tangu mwanzo.

Inauma zaidi kwa sababu nchi hii si ngeni kwa almasi. Almasi ya Mwadui, kule Shinyanga, iligunduliwa 1940, na 1947 likatoka pale jiwe la waridi la karati 54.5 lililokwenda kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Huku huku mkoani kwetu, Bonde la Umba, vijana wanachimba safaya na ganeti. Halafu mtoto wa Tanga anauziwa jiwe la kiwandani kwa jina la almasi!

Mnaosema "si angenunua dhahabu", mniache. Mahari anataja mwanamke, na huyu alitaja kitu cha wastani kabisa. Mpaka sasa alichotaja hajakipata. Yeye mwenyewe kasema hana neno, lakini mdogo wangu hataki kuingia ukweni na deni hilo, na wazee wa upande wa pili wameanza kuuliza kama tulijua.

Jina la duka silitaji hapa, jambo linakwenda Tume ya Ushindani na polisi. Tuna cheti, tuna risiti, sonara amekubali kueleza alichoona. Wewe uliyenunua "almasi" mjini kati ukapewa risiti ya "Pete 1" au "Hereni 1" na cheti chenye nembo ya duka, njoo inboksi na picha ya hizo karatasi. Usiipeleke pete pale ikaangaliwe, wala usiwaachie hata kwa dakika moja.