Hilux 3L inatoa moshi mweusi kwenye mlima, nibadilishe filta na ekzosi?

mbeba_viazi_kisoro
Habari zenu wakuu. Nina pikapu ya Hilux ya zamani, injini aina ya 3L (hilo ni jina lake tu), dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo, nabeba viazi toka Kisoro kupeleka Mbarara. Tambarare inaenda poa tu lakini nikianza kupanda mlima wa Kanaba na mzigo narudi gia ya pili mapema na moshi mweusi unajaa barabara nzima. Fundi mmoja hapa anasema nitoe boksi lote la ea klina niweke filta ya koni iliyo wazi, halafu sailensa ikatwe nivutiwe bomba la inchi 3 moja kwa moja, eti nguvu itarudi. Hiyo inafanya kazi kweli kwa dizeli ama ni kelele tu?

fundi_wa_pampu
Usikate kitu kwanza ndugu yangu. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Na huko kwenu hewa yenyewe nyepesi, Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari na Kanaba unapanda zaidi, injini inakosa kama sehemu moja ya tano ya hewa ambayo ingepata Mombasa na pampu inapiga mafuta yale yale. Koni haiwezi kukurudishia hiyo. Tena ikikaa wazi ndani ya boneti inavuta hewa ya moto ya injini, unazidi kupoteza. Badilisha filta ya karatasi, peleka nozo za kunyunyizia mafuta zikapimwe, angalia taiming ya pampu, yaani wakati inapopiga mafuta. Mara nyingi nguvu iliyopotea iko hapo.

Dyna_Mbarara
Mimi koni ninayo kwa lori langu la Dyna na naona imechangamka, inavuma vizuri sana.

fundi_wa_pampu
Bosi hiyo ni sauti. Injini ya 2.8 kwa mizunguko 3,000 inavuta kama lita 4,000 za hewa kila dakika, sasa fikiria vumbi la barabara ya udongo wakati wa kiangazi nyuma ya lori. Paka grisi nyembamba ndani ya paipu baada ya filta, tembea wiki moja kisha pitisha kidole, ukisikia chenga chenga ni vumbi limepita filta, hizo zinakula ringi na silinda, kompresheni inashuka na gari linaanza kula oili. Boksi la Toyota linaziba vizuri na linavuta hewa ya nje, liacheni.

mama_garage_busia
Kwa ekzosi naongezea. Inchi 3 kwa 3L ni pesa ya bure, 2 na robo mpaka 2 na nusu inatosha, na uweke sailensa ya kupita wazi maana bila sailensa safari ya Mbarara utashuka masikio yanalia. Kitu cha muhimu ni kona, bomba likikunjwa likapondeka pale ndipo moshi unakwama, afadhali wakate vipande wachomelee kona pana. Na gasketi ya manifoldi, pale ekzosi inaposhika injini, iwe nzima, moshi usiingie kebini. Sailensa ya zamani igonge na nyundo, ikilia zito imejaa masizi ndani, badilisha hiyo tu kwanza.

mbeba_viazi_kisoro
Asanteni sana. Nimefungua leo, filta nyeusi kabisa, lakini kuna kingine, ule mpira wa kutoka kwa boksi kwenda injini umelainika, mtu akikanyaga mafuta kwa nguvu naona unabonyea ndani. Inaweza kuwa ndiyo?

fundi_wa_pampu
Ndiyo yenyewe hiyo, au nusu yake! Ukikanyaga kwenye mlima mpira unajifunga na injini inakosa pumzi wakati inaihitaji zaidi. Tafuta mpira wenye waya ndani, soko la spea la Kisekka kule Kampala unapatikana, kaza klipu pande zote mbili. Halafu panda Kanaba na mzigo ule ule. Moshi ukibaki ni nozo, na usikubali mtu aguse skrubu ya mafuta kwa pampu kuongeza nguvu, injini hizi zikipata mafuta zaidi bila hewa joto linapanda na silinda hedi inapasuka.

mama_garage_busia
Na ukirudi tuambie ni gia ya ngapi umepandia.