Tupeane uzoefu: Kuchukua mkojo wa paka nyumbani kwa ajili ya vipimo

Mleta mada
Wakuu, salaam. Daktari wa mifugo akishasema "kesho uniletee mkojo wake", wengi huondoka bila kujua waanzie wapi. Tuwekeane hapa mbinu zinazofanya kazi kwenye nyumba zetu, na yale yanayoharibu sampuli.

Naanza na vifaa. Kikopo cha mkojo chenye mfuniko wa kukaza, hicho hicho cha binadamu cha duka la dawa. Bomba la sindano la mililita 5 au 10, bila sindano yenyewe. Glavu. Beseni pana lenye kingo fupi, na kitu cha kutandaza humo kisichonyonya maji. Mililita 5 zinatosha kwa kipimo kamili. Ukipata 2 tu, peleka hizo hizo.

Mdau wa maabara
Mkuu, umeanza vizuri, ila beseni lenyewe ndilo linaloponza wengi. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, lisuuzwe mpaka utelezi uishe, kisha likauke kabisa. Dawa yoyote ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, isitumike hapo. Mabaki yake hubadilisha rangi ya kijiti cha kupimia, kikaonyesha damu na sukari ambazo hazimo. Baadhi ya dawa za kuulia vijidudu nazo huleta protini ya uongo. Paka anaanzishiwa matibabu ya kisukari kwa sababu ya beseni! Kikopo kilichokuwa na asali au jamu kina hatari hiyo hiyo, hata kikioshwa.

Mfugaji wa Tanga
Kuhusu cha kutandaza: changarawe za tangi la samaki ni nzuri, na shanga za plastiki zenye ukubwa wa punje ya mahindi zinafaa pia. Ziloweke usiku kucha kwenye maji safi. Maji yakibadilika rangi, hizo hazifai. Zikiwa salama, zisuuze, zianike, halafu tandaza kiasi cha kufunika kitako cha beseni tu. Ukijaza sana, mkojo unabaki umeshikana na shanga na huvuti kitu. Inua upande mmoja wa beseni kwa kipande cha mbao ili mkojo uchuruzike kona moja, kisha uvute kwa bomba. Paka akibaki kutafuna shanga badala ya kujisaidia, ziondoe. Paka wengi hukubali beseni tupu wakiwa wamebanwa.

Mdau, Mombasa
Je, mchele haufai? Unapatikana kila jikoni.

Mdau wa maabara
Haufai, ndugu. Mchele hunyonya, na vumbi lake la wanga huingia kwenye mkojo na kumsumbua anayetazama kwa hadubini. Mchanga wa pwani ndio kabisa usijaribu.

Msaidizi wa daktari wa mifugo
Paka wengi wa kwetu hujisaidia nje, na beseni hawalijui. Huyo mfungie chumba kimoja tangu jioni, au bafuni, awe na maji yake ya kunywa, chakula, kitambaa cha kulalia, na beseni liwe mbali na chakula. Ziba tundu la maji machafu la bafuni, maana paka hulipenda. Ondoa mazulia na nguo zilizo sakafuni. Kama mna paka wawili, huyu wa kupimwa akae peke yake, la sivyo hamtajua mkojo ni wa nani.

Msimnyime maji ili mkojo "uive", na msimnyweshe kwa nguvu ili akojoe haraka. Kimoja kinamuumiza, kingine kinazimua mkojo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora kwa kuangalia figo kwa sababu ndio uliokolea zaidi. Paka mwenye afya nzuri kwa kawaida huzidi 1.035 kwenye refraktomita, kifaa cha kupimia ukolezi wa mkojo. Ukiwa chini ya hapo kila mara, daktari ana sababu ya kufuatilia. Na kamwe mtu asimminye tumbo; kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka.

Mfugaji wa Tanga
Kwa paka aliyezoea watu ipo njia ya upawa. Mwache achuchumae na mkojo uanze kutoka, ndipo upitishe upawa safi au kisahani bapa taratibu kwa nyuma. Ukiwahi kabla hajaanza, atasimama na kuondoka. Mkojo wa katikati ni msafi kuliko ule wa mwanzo.

Mdau wa maabara
Sasa muda, na hapa naomba tuwe makini sana. Mkojo ufike maabara ndani ya saa 1 au 2. Kwa joto la Dar au Mombasa, ukikaa mezani bakteria huzaliana, uchachu hupungua, na seli huvunjika. Kama hamwezi kufika, weka kwenye friji mara moja, nyuzi 2 hadi 8, usiweke friza, na ufike siku hiyo hiyo. Lakini jueni kwamba baridi nayo huotesha fuwele, yaani chembe ngumu kama za chumvi, ambazo ndani ya paka hazikuwepo. Daktari akitafuta fuwele, pelekeni ukiwa mbichi. Kwa safari, kikopo kiwe ndani ya mfuko uliofungwa, pembeni ya barafu, kisigusane nayo. Kifunikeni kisipigwe na mwanga, maana bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo inayopimwa kwenye mkojo, huharibika kwa mwanga.

Kwenye kikopo andikeni jina la paka, saa mkojo ulipotoka, na namna ulivyochukuliwa. Kikiachwa bila saa, mtu wa maabara hana namna ya kutofautisha ugonjwa na uchakavu wa sampuli.

Mdau, Mombasa
Na kama daktari anataka kuotesha vijidudu vya mkojo ili ajue maambukizi?

Msaidizi wa daktari wa mifugo
Hapo mkojo wa beseni hautoshi, hata beseni liwe safi vipi, kwa sababu tayari umegusa manyoya na plastiki. Daktari huuvuta mwenyewe kwa sindano nyembamba kupitia tumboni hadi kwenye kibofu. Ni jambo la dakika chache, na paka wengi hulivumilia.

Mdau, Nakuru
Vile vijiti vya kupimia mkojo vya duka la dawa, mtu apime mwenyewe?

Mdau wa maabara
Sukari na damu vinasaidia, mradi usome kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kiraka cha chembe nyeupe za damu kwenye kijiti hakiaminiki kwa paka, mara nyingi huonyesha maambukizi yasiyokuwepo. Kile cha ukolezi wa mkojo nacho kimetengenezwa kwa binadamu, msikitegemee. Sukari nayo isiwe hukumu: paka aliyeogopa sana anaweza kuitoa kwenye mkojo bila kuwa na kisukari.

Msaidizi wa daktari wa mifugo
Wakuu, hili liwe juu ya yote. Paka dume anayeingia beseni mara kwa mara, anajikaza, analia, na hakitoki kitu au vinatoka vitone tu: huyo msimsubirie sampuli. Njia yake ya mkojo huenda imeziba. Potasiamu hupanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama, hata ndani ya siku moja au mbili. Apelekwe usiku huo huo, hata kama kikopo ni kitupu.

Mleta mada
Ahsanteni. Swali moja: paka aliye kwenye dripu, mkojo wake unafaa?

Msaidizi wa daktari wa mifugo
Kwa ukolezi haufai, dripu inauzimua. Uchukuliwe kabla ya dripu ya kwanza. Ikiwa imeshaanza, andika kwenye kikopo, pamoja na dawa za kupunguza maji mwilini au steroidi anazotumia.