Embedingi za grafu: mnapima kwa AUC, kwa lebo au kwa macho?

fundo_la_kamba: Wakuu habari za jioni. Nina mtandao wa mawakala wa pesa za simu, nodi ni wakala, kiungo ni nani kamuuzia nani floti. Nimepitisha DeepWalk na node2vec, zile njia za kutembea ovyo kwenye grafu na kugeuza kila nodi kuwa vekta (ndo embedingi), nikaficha asilimia 10 ya viungo nikatabiri, zote AUC 0.97 (1 ni kutenganisha kikamilifu viungo vya kweli na vya uongo, 0.5 ni kubahatisha). Sasa nachukua ipi? Au nichore tu t-SNE, ile inayoshusha vekta kuwa picha bapa, nione ipi imegawanyika vizuri?

Bi_Vekta: 0.97 inanitia shaka mdogo wangu. Ulificha kabla ya kufundisha embedingi au baada?

fundo_la_kamba: Baada 😅

Bi_Vekta: Ndo hivyo, mtihani umevuja, embedingi ilishaviona viungo ulivyoficha. Rudia. Na jozi za uongo, zile zisizo na kiungo, usiokote tu ovyo, wakala wa Tanga na wa Mbeya wasiojuana hata mtoto atakwambia hawana kiungo, chukua wenye jirani wa pamoja ila hawajaungana, hapo ndo modeli itahema. Weka na Adamic-Adar pembeni, ya 2003 ile, inahesabu tu majirani wa pamoja, wenye viungo vichache wakipewa uzito zaidi, haifundishwi chochote.

mzee_lebo: Mi lebo tu, yaani kundi la kila nodi linalojulikana tayari. Cora, mtandao wa makala za kisayansi zinazonukuuana, ina makala 2,708, mada 7, unaweka rigresheni ya logistiki juu ya vekta itabiri mada, unasoma F1 (alama ya ubora wa utabiri), kwisha.

pweza8: Mzee lebo nazo zina vituko. Klabu ya karate ya Zachary (1977), watu 34, klabu ilipopasuka yule namba 9 mtandao wote unamvuta upande wa viongozi, yeye kaenda kwa mwalimu, kisa zimebaki wiki tatu afanye mtihani wa mkanda mweusi. Embedingi ingejuaje hilo?

mzee_lebo: 😂 haya yamenishinda

pweza8: @fundo kama huna lebo, jaribu kipimo cha Kamiński, Prałat na Théberge. Unagawa grafu makundi, unauliza kama viungo vingefuata umbali wa vekta tu, ndani ya kila kundi na kati yao vingekuwa vingapi, unalinganisha na vilivyopo, pengo dogo ndo zuri. Ila kinapendelea majirani kukaa karibu. Kama unasaka mawakala wakuu, wa Mwanza na wa Dodoma wana kazi moja bila kujuana, hapo angalia struc2vec, inayoweka karibu nodi zenye nafasi sawa kwenye mtandao. t-SNE achana nayo, badilisha perplexity (kigezo cha majirani wangapi izingatie) uone makundi yanavyozaliwa.

fundo_la_kamba: Nimerudia kama dada alivyosema. node2vec 0.80, DeepWalk 0.79, Adamic-Adar 0.83 😭