Nyeusi ya bendera ya Jamaika: ni taabu au ni watu?

Mleta mada: Wakuu, wengi wetu bendera ya Jamaika tunaijua kwenye fulana za reggae na mabegani mwa Usain Bolt, basi. Kumbe mchoro wa awali ulikuwa wa milia ya kulala: kijani, nyeusi na dhahabu. Ukaonekana unafanana mno na bendera ya Tanganyika, iliyokwisha kupandishwa Desemba 1961. Ndipo ukaja ule msalaba wa dhahabu wa mshazari, ukapandishwa tarehe 6 Agosti 1962.

Ugomvi wangu ni maana. Sisi nyeusi tuliisema ni watu tangu mwanzo. Wao walisema: taabu zipo, lakini ardhi ni ya kijani na jua linawaka. Yaani nyeusi ndiyo taabu! Mwaka 1996, enzi za Waziri Mkuu P. J. Patterson, tafsiri ikabadilishwa: nyeusi ni nguvu na ubunifu wa watu. Kwangu mimi walichelewa miaka 34. Nchi ya watu weusi unawaambiaje watoto kwamba nyeusi ni mateso?

Mchangiaji: Mkuu, hapo umeruka. Hakuna aliyesema weusi ni balaa. Maneno yale waliambiwa vitukuu vya watumwa wa mashamba ya miwa. Utumwa wao ulikoma 1838 tu. Taabu walikuwa wanaijua kwa jina. Sasa zimebaki sifa tupu: nguvu, ubunifu, matumaini, utajiri. Bendera gani haijisifu hivyo? Walikuwa na "lakini" moja ya maana, wakaifuta.

Mleta mada: Hiyo "lakini" ni tamu ukisoma yote. Mtoto wa darasa la pili anakariri hivi: kijani ardhi, dhahabu jua, nyeusi taabu. "Lakini" imeshaachwa njiani.

Fundi cherehani: Naomba niingie. Niliwahi kuishona hiyo. Ya Tanganyika ingekuwa mishono minyoofu, unapiga cherehani huku unapiga soga. Ya Jamaika ni pembetatu nne, na kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika, ukizembea msalaba unapinda. Halafu upande wa kamba karibu wote ni nyeusi. Upepo ukivuma, kinachovutwa ni hicho kipande. Mimi nilikipiga mishono miwili.

Mchangiaji: Si ndiyo taabu yenyewe hiyo?

Mleta mada: Kinavutwa na hakichaniki. Hiyo ni nguvu.

Fundi cherehani: Ni mishono miwili, jamani.