Filta ya FIR (kichujio cha kidijitali): Remez inagoma na vizigeu 64

fundi_sauti: Wakuu, rekodi zangu zina sampuli 8000 kwa sekunde na mvumo wa umeme wa Hz 50. Nataka kukata chini ya 150, kupitisha kuanzia 300. Nimetumia Parks–McClellan (njia ya kubuni filta kwa algorithimu ya Remez), vizigeu 64, yaani namba za kuzidishia sampuli. Grafu inaanguka hadi sifuri kule Hz 4000. Shida nini?

wimbi_fupi: Mkuu, 64 ni shufwa. Vizigeu shufwa vyenye ulinganifu lazima vitoe sifuri kwenye nusu ya kasi ya sampuli, kwako Hz 4000, na wewe unataka ipite. Algorithimu itahangaika kusawazisha makosa hadi kesho, pale kosa halipungui. Weka witiri.

fundi_sauti: 65 imekubali! Ila mvumo bado unasikika.

wimbi_fupi: 150 hadi 300 ni finyu, inahitaji vizigeu vingi. Ukitaka kupunguza mvumo kama desibeli 40, nenda 101. Watu wa dirisha la Kaiser (njia nyingine ya kubuni filta) wangedai vizigeu zaidi, waache.