Naomba ushauri: mama na kidole gumba cha mguu kilichopinda

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 58, ni mama lishe hapa Tanga, kutwa kucha amesimama jikoni. Mguu wa kulia kidole gumba kimelalia kidole cha pili, na pembeni kwenye fundo mfupa umetokeza kama nundu. Bibi naye alikuwa nao hivyo hivyo. Sasa kidole cha pili kimejikunja kama kucha ya mwewe, juu yake kuna sugu inayomuuma akivaa kiatu chochote cha kufunika.

Tulimpeleka hospitali, akapigwa picha. Daktari akasema kuna njia mbili: avumilie kwa viatu vipana mbele, visivyo na kisigino, pamoja na kipande cha silikoni katikati ya vidole, au afanyiwe upasuaji, mfupa ukatwe, unyooshwe na kufungwa kwa skrubu. Alisema wazi kwamba silikoni inapunguza maumivu tu, kidole hakirudi. Halafu mtaani watu wanatuuzia vifaa vya kuvaa usiku eti vinanyoosha!

Kinachonitia hofu ni kupona. Wiki sita za kiatu maalumu, uvimbe miezi kadhaa, na banda lake nani atasimamia? Tena ana kisukari.

Aliyefanyiwa, au aliyeuguza mzazi: maumivu yaliisha kweli? Kidole kilipinda tena? Mwenye kisukari kidonda kilichukua muda gani? Na fundi viatu mzuri wa Tanga au Dar, nielekezeni jamani.