Tupeane uzoefu: ganzi ya vidole na upasuaji wa kifundo cha mkono, ukubali au usubiri?

Mwenye Mada
Wakuu, salaam. Mada ni ya yule anayeamshwa usiku na vidole vilivyokufa ganzi, akapimwa, akaambiwa neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono (karpali taneli), na sasa ameshapewa fomu ya kukubali upasuaji. Asaini au asubiri? Anayeijua sehemu yoyote ya safari hii, kuanzia kipimo hadi kovu, ailete kwa undani. Anayesoma hapa ana uamuzi wa kufanya.

Mzee wa Vipimo
Tuanze na kinachobanwa. Pale kiganja kinapoungana na mkono kuna njia nyembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo ya kifundo, paa lake ni utepe mgumu usionyumbuka. Ndani hupita kano 9 za kukunja vidole na neva moja. Utando unaozifunika kano ukivimba, mifupa haisogei na paa halipandi, basi neva ndiyo inayominywa kwa kuwa ndiyo laini kuliko vyote humo.

Neva hiyo huhudumia gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete, ile iliyo upande wa gumba. Kidole cha mwisho hakimo. Watu wengi husema "mkono mzima unakufa ganzi", kumbe hawajawahi kuvihesabu. Ukiamka usiku, gusa kidole kimoja kimoja na uandike. Kama cha mwisho ndicho kilichokufa zaidi, huenda neva nyingine imebanwa kwenye kiwiko. Kama ganzi inateremka kutoka shingoni ukigeuza kichwa, shingo ichunguzwe kwanza. Kama miguu nayo ina ganzi, sukari ipimwe. Kupasua kifundo wakati tatizo liko shingoni ni kupata kovu bila nafuu, kwa hiyo hatua hii usiiruke.

Kipimo cha umeme wa neva kinasaidia, ila jifunze kuuliza swali moja ukipewa majibu: je, ujumbe wa neva *unachelewa* tu, au pia *umepungua nguvu*? Ukichelewa tu, ala inayoifunika neva ndiyo iliyoumia, na ala hujijenga upya. Nguvu ikishuka, nyuzi za neva zenyewe zimeanza kufa. Mtu wa kundi la kwanza ana muda wa kujaribu mengine. Wa pili muda wake unapungua. Na ukienda kupimwa, mikono iwe na joto, kwa sababu mkono wa baridi hupunguza kasi ya neva na majibu yanaonekana mabaya kuliko hali halisi. Mpimaji makini hupima joto la ngozi kabla hajaanza. Kipimo pia kinaweza kutoka safi kabisa kwa mtu ambaye tatizo lake ni dogo, hivyo majibu safi peke yake hayafuti dalili.

Bi Tabasamu
Naongeza kuhusu gango la kuvaa kifundoni usiku, lile la kitambaa lenye bapa la chuma ndani. Wengi husema halikuwasaidia, na ukiliangalia unajua kwa nini. Magango mengi ya dukani huja yamekunjwa, yanaurudisha mkono nyuma nyuzi 20 au 30. Shinikizo ndani ya ile njia hupanda ukikunja kifundo mbele na hupanda pia ukikirudisha nyuma. Liko chini kabisa kifundo kikiwa kimenyooka au karibu sana na kunyooka. Kwa hiyo lichomoe bapa, linyooshe kwenye ukingo wa meza mpaka liwe sawa na rula, kisha lirudishe.

Ukingo wa mbele wa gango uishie kwenye mstari wa kiganja ambapo vidole huanza kukunjika. Likivuka hapo huwezi kufumba ngumi na vidole vitakakamaa. Mikanda iwe legelege kiasi cha kupitisha kidole, maana gango lililokazwa linaongeza ubanaji uleule unaoukimbia. Livaliwe kila usiku kwa wiki 6 bila kuruka. Siku tano kisha kuliacha si jaribio.

Kwa mjamzito, gango ndilo la kwanza. Uvimbe wa ujauzito mara nyingi hupungua baada ya kujifungua na ganzi huondoka nao. Mwenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kisukari au baridi yabisi ashughulikie hilo sambamba. Na tafadhali, vidonge vya vitamini B6 kwa dozi kubwa viachwe. Haijathibitika kwamba vinaponya ugonjwa huu, na vikizidi kwa muda mrefu vinaharibu neva vyenyewe.

Jiwe la Pembeni
Samahani wakuu, swali. Kama maumivu ya usiku yalikuwa makali kisha yakaisha yenyewe, imebaki ganzi tu, si ndiyo inapona?

Mzee wa Vipimo
Ndugu yangu, hapana, na nashukuru umeuliza. Maumivu yakiisha na hisia zikarudi, hiyo ni nafuu. Maumivu yakiisha huku ganzi ikiwa ya kudumu, mchana na usiku, maana yake neva imechoka kulalamika. Huyo ndiye anayepaswa kuharakisha kuliko yule anayelia usiku.

Jipime hivi. Laza mkono mezani, kiganja juu. Inua gumba lielekee dari, mwenzako alisukume chini. Fanya kwa mikono yote miwili ulinganishe. Kisha tazama kile kinundu cha nyama chini ya gumba: kimejaa kama cha upande wa pili, au kimebonyea? Cha tatu, nyoosha klipu ya karatasi, ikunje ncha zake ziachane milimita 6, zigusishe pamoja kwenye ncha ya kidole cha shahada huku umefumba macho. Ukihisi ncha moja badala ya mbili, hisia imeshuka.

Gumba limelegea, kinundu kimebonyea, au ganzi haiondoki: hapo suala si tena "nijaribu gango kidogo". Msuli uliokaa muda mrefu bila neva unaweza usirudi hata upasuaji ukienda vizuri. Kubali upasuaji kwa ajili ya kuokoa kilichobaki, usisubiri mpaka kiishe.

Kijana wa Zamu
Sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) naitetea kidogo, maana watu wanaitupa. Kweli, kwa wengi nafuu yake ni ya wiki kadhaa au miezi kisha dalili zinarudi. Lakini ina kazi ya pili: ukichomwa pale kwenye kifundo na ganzi ikapungua, hata kwa muda, ni dalili nzuri kwamba tatizo liko pale pale na kwamba kufungua njia kutasaidia. Mwenye wasiwasi kati ya shingo na kifundo anapata jibu la maana.

Sindano ikiingia ukahisi kama shoti ya umeme mpaka kwenye vidole, sema papo hapo. Ncha imegusa neva, irudishwe nyuma kabla dawa haijasukumwa. Mwenye kisukari ajue sukari itapanda kwa siku chache, apime mara nyingi zaidi. Msuli ukishapungua, sindano ni kuchelewesha tu.

Dada wa Thieta
Kuhusu upasuaji wenyewe. Kinachokatwa ni lile paa. Neva haiguswi. Njia ya wazi ni mkato wa sentimita 2 hadi 4 kiganjani. Ya kamera ni tundu dogo moja au mawili. Watu hubishana sana hapa, ila baada ya miezi kadhaa matokeo hulingana. Ya kamera huwarudisha watu kazini mapema kidogo, na kwa upande mwingine usumbufu wa muda wa neva hutokea zaidi kidogo. Ushauri wangu: chagua mkono wa daktari, usichague kifaa. Muulize amezoea ipi.

Kwa kawaida ni dakika 10 hadi 20 chini ya sindano ya ganzi, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Uliza kama ganzi itachanganywa na adrenalini. Ikichanganywa, damu inayotoka kwenye jeraha hupungua yenyewe na hakuna haja ya ule mkanda wa kubana mkono wa juu, ambao watu hulalamikia kuliko kisu. Baada ya kuchomwa inahitaji karibu nusu saa kufanya kazi vizuri, hivyo kungojeshwa kitandani si kusahauliwa.

Pete zivuliwe nyumbani. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema na asiziache kwa uamuzi wake. Kasoro inayoleta watu tena ni paa kutokatwa lote, hasa sehemu ya mwisho upande wa vidole. Dalili yake ni kwamba usiku wa kwanza, wa pili, wiki ya tatu, ganzi ni ileile bila mabadiliko yoyote.

Bi Tabasamu
Siku za baada: mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo siku 2 au 3 za mwanzo, hata ukilala. Vidole vifunguke vyote na kufumba ngumi kamili, mara 10 kila saa ukiwa macho, kuanzia siku ileile. Kano zikitulia kwenye damu ya jeraha hushikamana. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14, na kovu likishafunga kabisa lisuguliwe kwa kidole na mafuta, dakika chache, mara kadhaa kwa siku.

Maumivu ya pembeni mwa kovu, pande zote mbili za kiganja ukijiegemeza, yanatisha watu wengi. Ni ya kawaida na hukaa mpaka miezi 3, wakati mwingine zaidi. Nguvu ya kushika nayo hushuka kwanza, kisha hurudi katika muda kama huo. Kazi ya mezani wiki 1 au 2. Kubeba, kusukuma na kugonga, wiki 6 hadi 12.

Maumivu ya usiku mara nyingi hukatika ndani ya siku chache. Ganzi ya kudumu ni habari nyingine, kwa sababu neva huota kama milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole hesabu miezi 6. Usaha, homa, au vidole vilivyovimba, vyenye kuwaka moto na kubadilika rangi: rudi hospitali siku hiyo.

Jiwe la Pembeni
Na kama ni mikono yote miwili?

Dada wa Thieta
Inawezekana kwa siku moja, lakini fikiria kunawa, kuvaa na kujisafisha chooni bila msaidizi kwa siku kadhaa. Asiye na mtu nyumbani atenganishe kwa wiki chache, aanze na ule ambao gumba limelegea, hata kama mwingine ndio unaouma zaidi.